Mradi wa nasaba: majibu ya kuumeni yametoka

Majibu ya pili ya kipimo cha vinasaba (DNA) yaliingia jana usiku, na sivyo nilivyotarajia.

Sisi wa Magomeni na wale wa Kilwa tumeitana ndugu tangu sijazaliwa. Harusi hatukosani, msiba hatukosani. Marehemu babu alikuwa akisema, "Baba yangu na baba yao ni ndugu." Nilitaka kujua kama ni ndugu wa kuumeni. Kromosomu Y, fungu la vinasaba walilonalo wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika, kwa hiyo mwanamume yeyote wa mstari huo anatosha. Mimi ni binti, sina. Nikamtegemea mtoto wa baba mdogo aliye Leeds, na kijana wa Kilwa anayesoma hukohuko. Walijisugua shavu kwa ndani kwa kijiti cha pamba, nami natazama kwenye simu. Wetu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kula biriani, nikamrudisha akasukutue.

Wazungu hupanga wapimwaji kwa jina la ukoo. Kwetu haisaidii: jina la tatu ni la babu, kila kizazi linasogea. Ndiyo maana nimekaa barazani na Shangazi miezi, bin fulani bin fulani, hadi vizazi saba. Wa tano kanitajia kwa majina mawili tofauti. Yote nimeyaandika kwa penseli.

Sasa majibu. Zimepimwa alama 37, yaani sehemu za Y ambazo kila moja husomwa kwa namba, na tofauti moja au mbili ningepiga vigelegele. Alama iitwayo DYS390: sisi 21, wao 23. DYS388: sisi 12, wao 16. Sikuendelea kuhesabu, maana hata matawi makubwa ya Y ni mbalimbali: sisi E-M2, lililojaa kwa wasema Kibantu, wao J, lililoenea Uarabuni. Yameachana makumi ya maelfu ya miaka.

Ila mtu mmoja kila upande ni ushahidi mwembamba. Mtoto mmoja akilelewa kwa jina la asiyemzaa, mstari umekatika hapo. Mwaka 1998, walipochunguza uzao wa Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, walipima wanaume watano, si mmoja, wa uzao wa ami yake, Field. Nami nilikuwa nimeshaanza kutafuta wa pili, nikampigia Shangazi.

Alinyamaza. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe.

"Nani alikwambia baba mmoja? Hao tumbo moja. Mama yao aliachwa Kilwa, akaja kuolewa huku."

Miezi yote ile! Lakini nilikuwa namuuliza bin tu, mama za watu sikuwauliza.

Y hailioni tumbo. Kuna vinasaba vingine, vya mitokondria: mama huwapa watoto wote, ila mwana hawapi wanawe, kwa hiyo vya wazee wale wawili vimekwenda nao kaburini. Nahitaji dada zao, mmoja wa mume wa Kilwa na mmoja wa mume wa huku, walioacha mabinti waliozaa nao. Wa Kilwa Shangazi anamkumbuka, uzao wake uko Mbagala. Wa huku ameniambia nije Ijumaa, atakuwa amemuuliza bibi mmoja Kariakoo.