Nimeghafilika

Jana bibi kanituma nazi mbili sokoni Ngamiani, hapa Tanga. Nikapanda baiskeli, kichwani nabishana na mtu wa juzi, nikashtukia niko Raskazone natazama bahari. Nazi sina, na hela nimeshanywea madafu! Niliporudi hakugomba. Kanitazama tu, akasema, "Umeghafilika, mume wangu."

Hakusema nimesahau. Na kweli sikusahau, akili tu ndiyo haikuwapo. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, ghafala, kutozingatia kilicho mbele yako. Chuoni kwa maalimu tulisoma "ghafilun", walioghafilika, katika Kurani, sura ya Al-A'raf aya ya 179, wala sikuwahi kuliunganisha na neno la bibi. Kilichonikosha zaidi ni "ghafla". Shina ni hilohilo! Kwa Kiarabu, ghafla ndiyo huko kughafilika kwenyewe. Sisi tukalifanya la jambo linalokukuta hujajiandaa. Kwa hiyo pikipiki "iliyotokea ghafla" pale njia panda huenda ilikuwepo muda wote, mimi ndiye sikuwepo. (Hilo sikumwambia bodaboda, alikuwa ameshanitukana vya kutosha.)

Usiku tumekula wali wa mafuta.