Kuendesha siku ya pasata Shepparton: kilo 300 za nyanya, mapipa matatu

Kwenye kalenda ya sherehe za mji hutaikuta siku ya pasata, siku ambayo familia za Kitaliano hukamua nyanya kuwa mchuzi mzito (pasata) na kuufunga chupani. Ukitaka kuwaona Waitaliano wa vijijini Australia wakisherehekea hadharani, nenda Griffith kwenye Festa delle Salsicce, ambako watu huleta salami za nyumbani zikaonjwe na kushindanishwa, au nenda Ingham kwenye miwa ya Queensland, au Myrtleford wakati wa La Fiera. Siku ya pasata hufanyika gerejini, yaani kwenye banda la gari nyumbani, na uani, na ukialikwa ujue umeitiwa kazi. Hapa Shepparton, kaskazini mwa Victoria, mimi nasimamia chupa na mapipa kwa familia tatu zinazochanga. Nawaandikia Waswahili wenzangu wa huku, hasa Wakongo, ambao familia zao za kwanza zililetwa Shepparton mwaka 2005 kwa mpango wa serikali wa kupeleka wakimbizi mikoani, na Warundi walioko Mildura. Mashamba ya matunda tunayofanyia kazi mengi yana majina ya Kitaliano getini, na mwaliko utakuja tu.

Bonde la Goulburn lina maji ya mifereji na jua kali, ndiyo maana sehemu kubwa ya nyanya za viwandani za Australia hulimwa ukanda huu wa kaskazini mwa Victoria na mpakani mwa New South Wales. Waitaliano walikuwepo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ila wimbi kubwa lilikuja baada ya mkataba wa uhamiaji wa 1951 kati ya Italia na Australia, wengi wakipitia kambi ya mapokezi ya Bonegilla karibu na Wodonga. Vita navyo vilikuwa vimeshaleta zaidi ya wafungwa 18,000 wa Kitaliano, na baadhi yao walikaa Kambi namba 13 nje ya Murchison, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa. Makaburini Murchison kuna Ossario, jengo la 1961 lililohifadhi mabaki ya Waitaliano 130 waliofia kizuizini Australia, na kila Novemba husomwa misa pale. Wazee utakaowaona kwenye misa ya Novemba ndio hao hao watakaokagua nyanya zako Februari.

Tarehe huamuliwa na nyanya. Italia kazi hii ni ya Agosti, lakini huku majira yamepinduka. Familia nyingi za mijini hufanya wikendi ya 26 Januari kwa kuwa ni sikukuu. Kwetu naona Januari ni mapema. Nyanya za Roma, zile ndefu zenye nyama nyingi, hukolea shambani Februari, na zile za mwisho hufika Machi. Nachukua Roma au San Marzano, aina nyingine ndefu, basi. Nyanya za duara za kachumbari zina maji mengi na mbegu nyingi, utachemsha mpaka usiku na bado mchuzi utakuwa mwepesi.

Nanunua kilo 300. Kilo 10 za Roma nzuri hutoa kama lita 6 na nusu za pasata, kwa hiyo kilo 300 ni karibu lita 190, na ukijaza mililita 700 kwenye chupa ya mililita 750 unapata kama chupa 270. Hesabu hii ifanye mapema, maana jambo linaloaibisha siku ya pasata ni kubaki na karai zima la mchuzi huku chupa zimekwisha.

Zikifika, nyanya hazipondwi siku hiyo hiyo. Tandaza turubai au mashuka ya zamani kivulini, zipange safu moja, ziache siku tatu hadi tano mpaka ziwe nyekundu kabisa na zibonyee kidogo. Kila jioni pita uondoe zilizopasuka au zilizoanza ukungu. Nyanya moja iliyooza haiishii kuharibu ladha: ukungu hula asidi, na asidi ndiyo ulinzi wetu, kama nitakavyoeleza. Bibi mwenye gereji hapa hupita mwenyewe na beseni, na akikuta umeacha moja yenye doa jeusi anakuonyesha kwa kidole bila kusema kitu.

Chupa ndizo zinazoleta hasara nyingi kuliko kitu kingine. Waitaliano wa hapa hutumia chupa za bia za mililita 750, zile kubwa za kahawia, na vizibo vya bati kama vya soda vinavyobanwa kwa mashine ya mkono. Hakikisha mdomo wa chupa ni laini. Chupa za bia za siku hizi nyingi zina mdomo wa kuzungusha, wenye nyuzi, na kizibo cha kubana hakishiki vizuri hapo. Kinaweza pia kumegua kioo. Pitisha kidole kwenye kila mdomo, chenye mkwaruzo tupa. Osha siku moja kabla kwa maji moto na sabuni, suuza, zipindue zichuje. Vizibo nunua vipya kila mwaka. Kizibo kilichokwisha kung'olewa kimepinda, hata kama jicho halioni.

Asubuhi tunaanza saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kufikia saa sita joto la Februari linaweza kupita digrii 38 na hakuna atakayetaka kusimama karibu na pipa. Watu kumi na wanne wanatosha: wawili kuosha, wanne kukata, mmoja kwenye sufuria, wawili kwenye mashine, watatu kujaza, mmoja kubana vizibo, mmoja kwenye pipa. Watoto hupewa majani ya mrehani, jani moja kila chupa, nao huhesabu kwa ukali kuliko mkaguzi yeyote.

Osha nyanya kwenye maji mawili. Usitumie beseni la bati lililopakwa zinki kwa kukalisha nyanya zilizokatwa, maana asidi huila zinki na mchuzi utakuwa na ladha ya chuma. Plastiki ya chakula au chuma cha pua ni salama. Kata katikati, ondoa kikonyo na sehemu ngumu nyeupe.

Hapa familia hugombana. Wengine hupitisha nyanya mbichi kwenye mashine, wengine huzichemsha kwanza. Mimi niko upande wa kuchemsha, na sababu yangu ni hii: ukishakata nyanya, vimeng'enya vyake huanza kuvunja pektini, kile kinachofanya mchuzi uwe mzito. Ukizikata zikakaa saa nzima mezani, pasata yako itajitenga chupani, maji ya njano chini na rojo juu. Haijaharibika, ila imekuwa nyepesi. Moto wa haraka, zaidi ya digrii 80, huua vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo zinazokatwa ziingie sufuriani papo hapo, zichemke dakika tano hadi kumi mpaka ngozi ilegee, kisha zichujwe kwenye kreti lililotandikwa kitambaa. Yale maji yanayochuruzika usiyarudishe. Ndiyo yanayotenganisha pasata nzito na supu.

Mashine ya kukamulia ina faneli juu, parafujo ndani, na chujio la pembeni: mchuzi hutokea kwenye chujio, ngozi na mbegu hutoka mbele. Ngozi zikitoka zikiwa zimelowa na nyekundu, kazi haijaisha. Zirudishe juu mara ya pili, na hata ya tatu. Mchuzi wa mzunguko wa pili ni mzito kuliko wa kwanza, kwa hiyo changanya yote kwenye karai moja kubwa kabla ya kujaza, la sivyo nusu ya chupa zitakuwa nyepesi na nusu nzito. Mchuzi ukianza kuvuja nyuma, upande wa mota au wa mpini, mpira wa kuzuia umekauka au umechakaa: upake mafuta ya kula, na uwe na wa akiba. Chujio likiziba, simamisha, chomoa umeme, lioshe. Kulazimisha parafujo huunguza mota. Ngozi zilizokauka kabisa wapewe kuku.

Sasa asidi. Nyanya iko mpakani, kiwango chake cha pH (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi imepungua) huwa kati ya 4.3 na 4.9 hivi, na bakteria wa botulizimu huweza kukua na kutoa sumu pale pH inapopita 4.6. Kuchemsha kwenye pipa hakuui spora za bakteria hao, vijimbegu vinavyostahimili joto, kwa sababu maji hayavuki digrii 100. Wazee watakuambia wamefanya miaka hamsini bila kuongeza chochote. Mimi nawasikiliza kwa kila jambo jingine. Kila chupa ya mililita 700 inapata mililita 22 za maji ya limau ya dukani, ya chupa, kwa kuwa asidi yake ni ile ile siku zote, tofauti na limau la mtini. Kijiko cha chakula cha Australia ni mililita 20, nchi nyingine ni 15, kwa hiyo pima kwa kikombe chenye alama. Badala yake unaweza kutia gramu 2 za asidi ya sitriki kwa chupa. Ladha yake haisikiki sana na wazee hawalalamiki. Weka moja kwa moja chupani, usimwage kwenye karai, maana hutajua chupa ipi imepata na ipi imekosa. Chumvi ni ya ladha tu. Vitunguu na vitunguu saumu viache kabisa, vinapunguza asidi. Vitaungwa siku ya kupika.

Jaza kwa faneli na upawa, acha sentimita nne tupu juu. Pasata hutanuka ikipata moto, na chupa iliyojaa hadi shingoni hurusha kizibo au hupasuka. Futa mdomo kwa kitambaa safi, maana mbegu moja chini ya kizibo inatosha kuingiza hewa. Bana, kisha ipindue chupa uone kama inavuja.

Pipa ni la chuma, la lita 200, ambalo halijawahi kubeba mafuta ya magari wala dawa za shamba. Ukiwa na shaka na historia yake, liache. Tandika magunia chini, laza chupa, weka gunia, laza safu nyingine, na usiache kioo kigusane na kioo wala na chuma. Linaingia chupa 90 hivi. Juu kabisa weka magunia na tofali zito ili chupa zisielee. Maji yafunike chupa ya mwisho kwa sentimita kumi, na yawe na joto linalolingana na la chupa: pasata moto kwenye maji baridi, au kinyume chake, ndiyo milio ya chupa kupasuka unayoisikia ndani ya pipa. Joto lipande taratibu, kama saa moja na nusu hadi kuchemka. Kisha nahesabu saa nzima ya kuchemka, kwa sababu safu za katikati huchelewa kupata joto. Maji yakipungua ongeza ya moto, kamwe usiongeze ya bomba. Zima moto, acha pipa lilivyo hadi kesho yake. Anayefungua usiku ili aone ndiye atakayepasua chupa.

Moto wenyewe ni suala la sheria. Kiangazi ni kipindi cha hatari ya moto, na siku ya marufuku kamili ya moto hatuwashi kitu uani, si kuni wala gesi chini ya pipa. Natazama tangazo la CFA, zimamoto wa vijijini, jioni ya kuamkia siku yenyewe. Siku za kawaida za kipindi hicho, moto wa kuni wa kupikia unataka upepo usiozidi kilomita 10 kwa saa, eneo la mita tatu kuzunguka lisiwe na nyasi wala kitu cha kushika moto, maji yasiyopungua lita 10, na mtu mzima asiyebanduka. Kwa upepo wa hapa sharti hilo la kwanza hutushinda mara nyingi, ndiyo maana nimehamia jiko kubwa la gesi. Marufuku ikitangazwa nyanya zimeshaiva, tunagawana makasha na kila familia inapika jikoni kwake kwa sufuria, au zinaingia chumba cha baridi siku mbili.

Chakula cha mchana hutoka kwenye karai la kwanza: mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, pasata mbichi ikaangwe nusu saa, tambi juu. Kuna soseji za nguruwe za kuchoma pia, kwa hiyo kama wewe ni Mwislamu sema mapema; utatengewa sufuria na hakuna atakayeudhika. Kamwe hawatakubali uondoke kabla ya kula, hata ukisema una zamu.

Asubuhi ya pili toa chupa, kausha, kagua. Kizibo kiwe kimebonyea au kimekaa sawa. Kilichotuna, chupa yenye mapovu au inayofoka ukiifungua, usionje. Itupe yote, hata kuku wasipewe. Andika mwaka juu ya kizibo, hifadhi gizani pasipo joto, tumia ndani ya mwaka. Ukifungua, weka friji na imalize kwa siku nne au tano. Kuuza ni jambo jingine: Victoria inataka usajili wa chakula kupitia halmashauri, na gereji haitapita. Kugawa kwetu ni kwa mchango: tunajumlisha nyanya, vizibo, gesi na limau, tunagawa kwa idadi ya chupa, na anayekatwa kwenye mgao wa kwanza mwaka unaofuata ni yule ambaye hakurudisha chupa tupu.