Kwa Wajerumani ni teksi, kwetu ni bwana mkubwa

Juzi jamaa mmoja kaposti picha ya Benzi mpya, S-Class nyeusi inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, chini kaandika "hela inaongea". Mi nikabaki nacheka peke yangu, maana kwenye kichwa changu Benzi haijawahi kuwa gari ya kuongea hela. Benzi kwangu ni ile ya mjomba, toleo la W123 la dizeli, rangi kama maziwa yaliyoanza kuchacha, ikiwashwa asubuhi mtaa mzima unajua mjomba kaamka, moshi unamfikia jirani mpaka jikoni, na ukikanyaga mafuta inakaa inatafakari kwanza ndo inaondoka. Kwahiyo leo naandika habari za hii kampuni ya Mercedes-Benz ila sio kwa mtindo wa farasi wangapi na sifuri mpaka mia sekunde ngapi. Kama unazitaka hizo, 200D ya W123 ilitoka kiwandani na farasi 55, na kufika mia ilihitaji nusu dakika hivi. Tumemaliza.

Kitu ambacho wengi huku hawakijui ni kwamba miaka hiyohiyo ambayo huku ukiona Benzi unasimama pembeni kumpisha mkubwa, kule Ujerumani hiyohiyo Benzi, tena ya dizeli, ilikuwa ni teksi. Unashuka treni na begi lako, unapunga mkono, inakuja Benzi. Na rangi yao ilikuwa ya sheria, kuanzia 1971 teksi za Ujerumani Magharibi zilitakiwa ziwe rangi ya pembe ya ndovu, yaani rangi ya gari ya mjomba kabisa. Siku nilipomwambia hivyo hakufurahi. Alinyamaza kidogo halafu akasema hao madereva teksi wa Ujerumani lazima ni watu wenye akili.

Sasa linganisha na sisi. Miaka ya sitini baada ya uhuru, Kenya na Tanzania watu wakaona viongozi wapya wanashuka kwenye magari yenye nyota mbele, na Kiswahili hakikukawia, likazaliwa kabila jipya: Wabenzi. Mi hili neno nalipenda sana jinsi lilivyotengenezwa, hakuna tusi ndani yake, ni ile "wa" tu ya Wahaya na Wachaga na Wakamba, imechukuliwa ikabandikwa kwenye gari, na kila mtu akaelewa bila kufafanuliwa kwamba hawa nao wana nchi yao na mila zao na hawaoleani na sisi. Hata Wazungu wanaoandika siasa za Afrika wakalibeba hivyohivyo bila kulitafsiri. Na Azimio la Arusha la 1967 lilipokuja na miiko ya uongozi, likakataza hisa, ukurugenzi kwenye makampuni ya watu binafsi, mishahara miwili, nyumba za kupangisha, gari halikutajwa kwa jina ila we mwenyewe unajua lilikuwa linamtazama nani.

Kuna gari moja hasa iliyoharibu jina, ile Benzi 600, waliyoanza kuiuza mapema miaka ya sitini mpaka 1981. Zilitengenezwa 2,677 tu. Vioo, viti, hadi kifuniko cha buti, vilisukumwa na mafuta yenye presha, hakuna mota ya umeme, kwahiyo kioo kinapanda kimya kimya na nguvu ya kutisha, ukisahau kidole hapo shauri yako. Tito wa Yugoslavia alikuwa nayo, Mobutu wa Zaire alikuwa nayo. Kila mtu aliyetaka dunia ijue kwamba yeye ndo mwenye nchi alikuwa nayo. Sasa mtu akishaona ile kwenye msafara, mwambie kwamba kampuni hiyohiyo inauza teksi, atakuona umelewa.

Twende mwanzo kabisa, maana kuna mtu pale anasahaulika. Wote tunaambiwa Karl Benz katengeneza gari la kwanza, na ni kweli tarehe 29 Januari 1886 aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kile chombo chake cha magurudumu matatu, hataza namba 37435, silinda moja, nguvu haifiki hata farasi mmoja. Ila Karl alikuwa fundi asiyejua kuuza. Aliyemtoa ni mkewe Bertha. Kwanza kule mahari ilikuwa inatoka upande wa mwanamke, na Bertha aliomba fungu lake mapema hata kabla ya harusi, akatumia kumtoa mchumba wake kwenye mgogoro na mshirika wa karakana. Kwahiyo hiyo kampuni unayoiita ya wanaume ilisimama kwa mahari.

Halafu Agosti 1888, gari ipo, watu hawanunui, wanaiona kituko. Bertha akaamka alfajiri, akawachukua wanawe wawili wakubwa, Eugen na Richard, wakalitoa gari wakaanza safari kutoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100, na mume hajaambiwa kitu. Vituo vya mafuta havikuwepo duniani, kwahiyo mafuta wakanunua duka la dawa pale Wiesloch, yale ya kusafishia madoa. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya ukachubuka, akaufunga kwa mkanda wa kushikia soksi. Breki zilikuwa za mbao zikaanza kuisha kwenye mteremko, akapita kwa fundi viatu akapigiliwa ngozi juu yake, na hapo ndo unaambiwa zilizaliwa breki pedi. Kwenye milima watoto wanashuka wanasukuma. Alivyorudi akamwambia mumewe hii gari inahitaji gia nyingine ya kupandia mlima.

Yaani soma tena hiyo orodha. Mafuta ya kuungaunga, bomba kuziba, waya kufunga na chochote kilichopo mwilini, breki kwa fundi viatu, abiria wanasukuma. Hiyo ni safari ya kwenda mkoani miaka ya themanini, hakuna kilichopungua ila kuku. Ukiniuliza mimi, fundi gereji wa kwanza duniani ni Bertha Benz.

Upande wa pili, pale Cannstatt karibu na Stuttgart, walikuwepo Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach wanahangaika na injini zao kivyao. Daimler alifariki 1900. Jina Mercedes halitoki kwa yeyote kati ya hawa, linatoka kwa binti wa mteja. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Austria, Emil Jellinek, anaishi Nice kule Ufaransa kwa matajiri, anaagiza magari ya Daimler na kila akiyapata analalamika, yako taratibu, yako juu sana, yatapinduka, tengenezeni ya chini na ndefu. Wale wateja wasumbufu, unawajua. Wakamsikiliza, Maybach akatengeneza gari ya farasi 35, na 1901 ikafagia mashindano ya Nice. Jellinek alilitaka liitwe jina la mwanae, Mercédès, na jina likashika mpaka yeye mwenyewe akabadili ukoo akajiita Jellinek-Mercedes. Baba kajipa jina la mtoto! Huku tunaitwa baba Fulani ila hatujafika kuandika kwenye pasipoti.

Nyota nayo ina hadithi. Daimler aliwahi kumtumia mkewe kadi ya posta yenye picha ya mji, akachora nyota juu ya nyumba anayokaa, wanawe wakaikumbuka baadae, ikasajiliwa 1909. Ncha tatu ni nchi kavu, maji na anga, walitaka injini zao ziwe kote huko. Kampuni mbili, ya Daimler na ya Benz, zikaungana 1926, sio kwa mapenzi, ni hali ya uchumi baada ya vita ilikuwa imewakaba wote.

Halafu kuna sehemu ambayo waandishi wa magari wanapenda kuruka. Hitler alipanda Benzi, hilo picha zipo. Ila kubwa zaidi ni kwamba vita ilivyokolea viwanda vya Daimler-Benz vilijaa watu waliofanyishwa kazi kwa lazima, raia waliochukuliwa nchi zilizotekwa, mateka wa vita, wafungwa wa kambi, na kufika 1944 walikuwa karibu nusu ya wafanyakazi wote. Kampuni yenyewe imekubali na kuandika. Mi naipenda hii gari na bado naona mtu akisimulia habari ya ubora wa Kijerumani akaliruka hili, anatudanganya.

Baada ya vita ndo unakuja upande ambao binafsi unanivutia kuliko hayo ya viti vya ngozi. Kulikuwa na mhandisi anaitwa Béla Barényi, huyu aliuliza swali ambalo linaonekana la kijinga, kwanini gari iwe ngumu kote? Wakati ule watu waliamini gari nzuri ni ile ikigonga mti, mti ndo unaumia. Barényi akasema hapana, mbele na nyuma pawe laini pakunjike, pameze ule mshindo, halafu pale katikati wanapokaa watu ndo pawe kasha gumu. Hataza yake ni ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na gari ya kwanza iliyojengwa hivyo kamili ilitoka 1959. Leo kila gari liko hivyo, hata hako kadogo unakopandia Ubungo. Ukisikia mtu kwenye ajali anasema "magari ya siku hizi mabati matupu, limekunjika lote" na dereva amesimama pembeni anaongea na simu, mwambie huyo dereva amwombee dua Barényi.

Turudi kwa mjomba. W123 ilianza 1976 ikaenda mpaka katikati ya miaka ya themanini, wakauza karibu milioni 2.7, na mwanzoni watu Ujerumani walikuwa wanangoja miezi na miezi kupata yao. Utamu wake hauonekani kwenye picha. Ukifunga mlango haulii "pa" kama sufuria, unatoa ule mlio mzito wa sanduku la bibi. Kabla ya kuwasha unazungusha ufunguo unangoja ile taa ya njano izimike, plagi zipate joto, mjomba alikuwa anautumia huo muda kusoma bismillah na kututazama kama tumekaa vizuri. Na kuzima nako sio umeme, ufunguo unafungulia mvuto wa hewa kwenye vibomba, mvuto huo ndo unaiambia pampu ikate dizeli. Hata ile milango kujifunga yote kwa mpigo ni mvuto huohuo.

Kwahiyo kuna siku gari imetoka kwa fundi mmoja, simtaji, ni mtu mzima sasa, alisahau kurudishia kabomba kamoja. Mjomba kafika msibani, kapaki vizuri karibu na turubai, kazima, katoa ufunguo, kauweka mfukoni, na gari inaendelea kunguruma. Sheikh yuko katikati ya dua. Mjomba anautazama ufunguo, anaitazama gari, watu wameanza kugeuka, akina sisi tumeziba midomo kwa kanzu. Ikabidi afungue boneti mbele ya waombolezaji wote abonyeze kile kichuma kwenye injini kilichoandikwa STOP, maana Wajerumani walishajua siku kama hiyo itakuja. Mpaka leo kwenye ukoo wetu mtu asiyejua kunyamaza anaitwa Benzi.

Kuhusu kudumu sitapiga chumvi, kuna Mgiriki dereva teksi wa Thessaloniki, Gregorios Sachinidis, alikuwa na 240D ya 1976, ile iliyoitangulia ya mjomba, akatembea nayo kilomita milioni 4.6, na 2004 ikaenda kwenye makumbusho ya kampuni. Injini alikuwa anabadilisha, hilo mtu asikudanganye, ila bodi ni ileile. Teksi tena, umeona?

Na sio kwamba hawajawahi kuharibu. Miaka ya tisini wahasibu wakawazidi nguvu mafundi, hiyo ni lugha yangu lakini muulize fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani, Dar, atakwambia hivyohivyo. Kuna toleo lililomfuata la mjomba, W124, zile za mwisho waya zake zilikuwa zinamomonyoka ganda zenyewe kwa joto, ikaja W210 ya macho ya duara ikaanza kuota kutu, Benzi kuota kutu! Halafu 1997 ile A-Class ndogo ikapinduka kwenye jaribio la waandishi wa Sweden la kukwepa mnyama barabarani, ikabidi waisimamishe na kuifunga mfumo wa kuzuia kuteleza gari zote. Mwaka uliofuata wakaungana na Chrysler wa Marekani, ndoa ya kelele nyingi, ikavunjika 2007.

Siku hizi Benzi imeshuka mtaani. C-Class iliyotumika inakuja kutoka Japani kwa bei ambayo kijana akijibana anaweza, na wengi wanakuja kushtuka baadae kwenye spea, maana gari inaweza kushuka bei ila spea yake bado inajiona iko Stuttgart. Nina rafiki yangu anayo, nzuri, kimya, anaipaki nyumbani siku tatu kwa wiki anapanda bodaboda. Yeye anasema ni foleni.

Wiki iliyopita nilimwonyesha mjomba ile picha ya S-Class, nikamkuzia kwenye simu aione vizuri. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea, mpaka nikaona hapa leo nimempata. Akauliza swali moja tu: hii springi zake ni za chuma au za upepo? Nikamwambia za upepo, mjomba. Akanirudishia simu, akaomba kashata.