Wachochezi wa Mwaloni

Nimetoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, sasa hivi, bado nanuka dagaa.

Mteja kanipayukia mbele za watu, eti dagaa zangu zina mchanga. Mimi ninayeanika juu kwenye chanja, si chini mchangani!

Jirani yangu wa meza akadakia: "Shoga, ukinyamaza atakupanda kichwani, mpe zake!" Mwingine naye anachochea. Ugomvi si wao, hasara si yao.

Moyo unadunda, masikio ya moto.

Nikachota dagaa, nikapepeta kwenye ungo taratibu, macho kwenye vile vitumbo vya fedha vinavyorukaruka, mpaka pumzi ikatulia. "Dada, shika, kagua mwenyewe."

Kanunua sado mbili.

Wachochezi wamenuna hadi jioni, kama walionyimwa sinema ya bure 😂

Nyie wenzangu mnawafanyaje watu wa hivi?