Zamu yangu ya kuchagua kitabu

Jana zamu ya kuchagua kitabu cha kikundi chetu cha kusoma iliniangukia tena. Mara ya mwisho niliwatwisha wenzangu riwaya ya kurasa 600 kwa mwezi mmoja, yaani kurasa 20 kila siku, uwe umechoka au la. Siku ya mjadala tulikuja saba, waliomaliza wawili, mmoja wao mimi. (Na mimi pale katikati nilirukaruka, msimwambie mtu.)

Safari hii nimeleta kifupi, kurasa 140. Ndani yake mama mmoja anamsamehe mumewe; mimi huyo mume hadi leo sijamsamehe. Kitabu kinachompendeza kila mtu mazungumzo yake huisha dakika kumi! Nilipowadokezea kisa, wawili wakaanza kubishana hapohapo. Kimepita. Shida nakala: ziko tatu, sisi saba.