Ua lililojaza ukurasa

Jana baada ya alasiri, nikiwa nimeketi barazani kwetu Mkomani, nilimsomea binti wa kaka yangu kitabu cha picha kinachoeleza maisha ya Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1887 na kufariki mwaka 1986. Kwa kuwa kitabu ni cha Kiingereza, nilikitafsiri papo hapo, na nakiri kwamba kurasa mbili nilizifupisha. Kilichotushika ni ua moja lililojaza ukurasa mzima, kwani bibi huyo aliyachora maua kwa ukubwa makusudi, ili hata watu wa New York wenye haraka zao wasimame wayatazame. Kisha ikaja mifupa ya wanyama aliyoiokota katika jangwa la New Mexico, alikokwenda kuchora tangu mwaka 1929 na kuhamia kabisa mwaka 1949.

Mtoto akauliza, "Shangazi, hakukatazwa kuleta mifupa nyumbani?"

Sikuwa na jibu, maana mwezi uliopita mimi mwenyewe nilimtupia fupa la punda alilolifukua kwenye mchanga wa Shela. Leo asubuhi nimemkuta akichora ua la asumini, limejaa karatasi mpaka pembeni, nalo ni la buluu.