Anzeni na risiti, simu ya muuza dagaa iacheni

Jamani hii ishu ya serikali kutafuta hela mi naona huwa tunaanzia pabaya. 2021 walileta tozo za miamala ya simu, watu wakarudi kwenye keshi, pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wamama wa dagaa wakawa wanafunga noti kwenye pindo la kanga, na hata miezi miwili haijaisha Septemba ikabidi ishushwe asilimia 30. Wakati huohuo ingia duka la vifaa vya ujenzi mjini, unaulizwa "na risiti au bila?", bila risiti bei inashuka, si ndo VAT ya asilimia 18 inapotelea hapohapo! Wabane huko kwanza. Na hela za TASAF za kaya maskini wasiziguse aisee, wapunguze mashangingi, yale magari ya kifahari ya serikali.